Nani Anabaki na Wodi

Mwaka wa sabini na mbili wakimbizi wa Burundi waliteremka treni ya Kigoma pale Tabora, wakapandishwa malori ya Ulyankulu, na watu wa benchi la kahawa la Saidi, karibu na stesheni, wakawatazama wakipita. Mabruki aliwatazama kuliko wote. Kijiweni walimwita Dresa, kwa kuwa alifunga vidonda hospitalini miaka ishirini na sita mpaka akastaafu. Tangu hapo alikuwa na uchovu ambao usingizi hauuondoi, uchovu wa mtu asiyeulizwa kitu.

Asubuhi moja akasema anataka kwenda kujitolea huko kambini, ila hajui mtu anaanzia wapi.

Mfaume, fundi cherehani waliyemwita Redio, akamweleza kwamba lazima aanze kwa balozi wa nyumba kumi, apate muhuri wa TANU, kisha aimbe nyimbo za chama mbele ya kamati.

— Mtaka cha mvunguni sharti ainame, akamalizia, ingawa hakuna aliyejua mvunguni kuna nini.

Ambrosi Kibendera, wa reli, akapinga. Yeye alisikia kwamba wanakupima damu, na ikiwa nzuri hawakurudishi tena. Kuna mganga wa Bukene aliyekwenda kwa wiki moja, akapewa jembe na kuambiwa tangu leo yeye ni mwanakijiji.

Mabruki akasema basi kesho atadandia lori, yaishe.

Ndipo akafika Eustadia, muuguzi ambaye Mabruki ndiye aliyemfundisha kufunga kidonda. Alikuwa ametoka Ulyankulu jana, macho yamemwingia ndani.

— Shikamoo, baba.

— Marahaba, mwanangu. Kaa, unywe.

Alipoelezwa shauri lenyewe alitikisa kichwa. Waliodandia malori, alisema, walifika bila blanketi wala kazi, wakala uji wa wagonjwa, na mmoja akalazwa yeye mwenyewe kwa malaria. Mtu huandikisha jina kwa mganga mkuu wa mkoa, akataja anachokiweza, akachanjwa, akangoja aitwe. Na aliye kazini huombewa ruhusa kwanza.

— Na mzee kama mimi wataniita?

Eustadia alikitazama kikombe kilivyotikisika mkononi mwa mwalimu wake.

— Kule ni kubeba maji na kuinama kutwa, baba. Mgongo wako hautafika Ijumaa.

Mabruki aliyameza maneno yale pamoja na kahawa.

Eustadia akasema kuwa wauguzi watatu wa wodi yake wako Ulyankulu, na waliobaki mjini wanafanya zamu mbilimbili.

— Mimi narudi na lori la kesho. Wodi yangu nani anabaki nayo?

Kibendera akatazama reli. Redio akatafuta uzi kwenye suruali yake. Saidi akainamisha birika, likatoa machicha.

Kesho yake, lori lilipoondoka, Mabruki alikuwa mbele ya meza ya matroni wa hospitali, akiandikisha jina kushika zamu katika wodi ya Eustadia. Mgonjwa wake wa kwanza alikuwa Mwanne, mama mmoja kutoka kijiji cha Lusu aliyeungua mguu. Alimwosha kidonda taratibu, lakini kufunga kukamshinda, vidole vikacheza. Mama yule akamshikia ncha ya bandeji, wakafunga pamoja.