Norman Entwistle, Beki Aliyekataa Kusugua Benchi

Baba Padri, wafiwa, ndugu Watanzania wa Durban, ndugu zetu Wakongo, wafanyakazi wenzake wa Mobeni, na wageni mliovuka bahari kuja kumzika ndugu yetu, mimi ni Respicius Rwegoshora, kaka wa mjane, na familia imenipa kazi ya kusoma maisha ya shemeji yangu, marehemu Norman Entwistle. Kabla sijaanza niseme kwamba karatasi ninayosoma siyo ile iliyoletwa kutoka Uingereza juzi Alhamisi, kwa sababu ile ina mistari kumi na minne, kumi na mitatu inaeleza miaka ishirini na minne aliyoishi kwao, na mmoja tu, wa mwisho kabisa, unasema "baadaye aliishi ng'ambo", na hiyo ng'ambo, ndugu waombolezaji, ni hapa, ni miaka thelathini, ni mke, ni mtoto, ni sisi tuliomwogesha.

Bwana Leslie, kaka wa marehemu, amekaa mbele pale, na jirani yetu Rhoda amekaa kando yake kumtafsiria, nami namwomba Rhoda asimpunguzie neno hata moja.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Februari 1945 katika mji wa Nelson, kaskazini ya Uingereza, mtoto wa pili na wa mwisho wa mzee Harold, aliyekuwa fundi mitambo katika kiwanda cha nguo, na mama Edith, na huyu kaka yake alimtangulia kwa miaka mitatu. Alisoma shule hapohapo mjini kuanzia mwaka 1950 mpaka Julai 1960, akamaliza akiwa na miaka kumi na mitano, na mwenyewe alikuwa akituambia kwamba sifa pekee waliyomwandikia walimu ni kwamba alikuwa mtoto anayewahi.

Agosti 1960 alichukuliwa na klabu ya mpira ya jirani na kwao, ambayo tumekubaliana nisiitaje, akaanza kwa kusafisha viatu vya wakubwa, na mwaka 1962 akasaini mkataba wa kulipwa, akicheza namba tatu, beki wa kushoto. Katika misimu saba alicheza mechi kumi na moja za ligi, narudia, kumi na moja, kwa sababu namba tatu aliyemkuta alikuwa nahodha wa timu na mtu asiyeugua hata mafua. Kaka yake Leslie, ambaye wakati huo alikuwa ameumia goti na kupewa kazi ya kufundisha vijana wa klabu ileile, alimwambia kila mwaka maneno yaleyale, "Subiri, zamu yako itafika, Mwingereza akienda kucheza nje anasahauliwa kabla kiti chake hakijapoa," na marehemu mwishowe alimjibu, "Yakobo alisubiri miaka saba akapewa mwanamke asiye wake, mimi sisubiri ya nane."

Tarehe 2 Machi 1969 alishuka hapa Durban, kwa tangazo aliloliona gazetini, akajiunga na klabu ya wazungu, maana wakati ule ligi ilikuwa ya wazungu peke yao, na hilo hatutalifunika kwa maua haya, kwa sababu humu ndani wapo watu ambao mwaka ule wasingeruhusiwa kukaa jukwaani kumtazama. Alicheza mechi mia mbili na kumi na mbili mpaka mwaka 1977, alipewa nyumba kule Bluff, watu walimjua mpaka kwa kinyozi. Mwaka 1972 baba yake alifariki, naye hakuwahi mazishi, na mwaka 1975 mke wake wa kwanza, Sheila, alichoka na joto akarudi kwao, wakaachana bila mtoto, na kila mara Bwana Leslie alimwandikia barua fupi kwamba hayo ndiyo matunda ya kuondoka. Sitasema Bwana Leslie hakuwa na hoja. Mtu akienda mbali anapata kitu na anakosa kitu, na anachokosa hakimsubiri.

Mpira ulipoisha, Januari 1979, marehemu aliajiriwa stoo katika kiwanda cha rangi kule Mobeni, akafanya kazi hiyo miaka kumi na tisa, na mliofanya naye mnajua kwamba hakuna aliyemzidi kuwahi.

Ni kwenye geti la kiwanda hicho, mwezi Mei 1994, alipokutana na mdogo wangu Ernestina, ambaye alikuwa ametoka Bukoba mwaka mmoja nyuma na alikuwa akiwauzia wafanyakazi chakula cha mchana. Alikula maharage yake miezi sita, kisha akaja kwangu kwa heshima zote, amevaa tai, kumposa, nami nilimkataa. Nilimwambia, "Wewe ulichezea ligi ya ubaguzi, na una miaka karibu hamsini, unataka nini kwetu?" Akasema, "Nilikuja kucheza mpira, sikuuliza ni nani amezuiwa mlangoni, nilipaswa kuuliza." Sikulipenda jibu lile kwa sababu lilikuwa la kweli na lilinipokonya ugomvi wangu. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 17 Desemba 1994, nami nilisimama kanisani nimenuna, picha zipo, na tarehe 3 Mei 1996 Mungu akawajalia mtoto wao mmoja, Kokushubira, yule pale mapajani mwa mama yake.

Nami naishi kwao hapo South Beach, ghorofa ya tisa, tangu mwaka huo, nalala kwenye kochi la sebuleni, na hili la kochi mlikumbuke kidogo.

Marehemu alianzisha timu ya wageni, Wakongo, Warundi na Watanzania, akawafundisha kila Jumapili mchana bila malipo, na kila Jumapili alihubiri kwamba mchezaji anayeng'ang'ania kwao ni kama chai iliyosahaulika mezani. Doudou, nahodha wao, siku moja alimjibu mbele yetu wote, "Coach, wewe ulitoka na ndege, miye nilitoka na maguu, tusijifananishe," na marehemu Jumapili iliyofuata akamwomba radhi, lakini kuhubiri hakuacha, maana alisema hahubirii waliofukuzwa, anahubiria Waingereza, wenye pasipoti inayofungua kila mlango nao wanaogopa kutoka nje ya kwao.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo Bwana Leslie ameniomba tangu juzi niliruke, nami siliruki.

Bwana Leslie ana mtoto, Craig, yule kijana mrefu aliyesaidia kubeba jeneza, naye kama baba yake mdogo ni beki wa kushoto, na alikulia katika klabu ileile. Mwaka 1997, akiwa na miaka ishirini, alimwandikia marehemu kwamba klabu imenunua Mnorwe na Mfaransa, na yeye amecheza mechi mbili tu, na baba anasema asubiri. Marehemu alipiga simu Uingereza, nilikuwepo sebuleni nikimsikia, wakagombana kaka na mdogo kama watoto, mpaka Bwana Leslie akasema, "Uliharibu maisha yako, usiharibu ya mwanangu," na marehemu akasema, "Mlete acheze, kisha tuhesabu mechi."

Craig alifika Agosti 1997, akapewa kochi, nami nikashuka kwenye godoro. Alisajiliwa na timu ya daraja la kwanza ya hapa mjini, akacheza mechi thelathini na moja kwa msimu mmoja, alipigwa viatu, alitukanwa kwa Kizulu, alijifunza kujibu kwa Kizulu, alikula ndizi za Ernestina akaongeza kifua, na Machi 1998 mtu mmoja kutoka klabu ya Ureno, aliyekuja kumtazama mshambuliaji, aliondoka na jina la beki. Wakamwandikia mkataba wa miaka miwili, wakataka jibu kabla mwezi Aprili haujaisha. Marehemu siku ile alicheka mpaka jirani wa ghorofa ya kumi akagonga sakafu.

Kisha ikaja habari kwamba mama yake Craig ni mgonjwa sana, arudi kwanza, Ureno itasubiri. Craig akaondoka tarehe 24 Aprili. Ureno haikusubiri. Barua yake ya kwanza kutoka kwao ilikuwa na mstari mmoja ambao marehemu aliurudia mpaka anakufa, kwamba "mama alinifungulia mlango mwenyewe, amevaa aproni." Klabu ya baba ikampa mkataba wa mwaka mmoja, ikamnunua Mdenmark mwezi uliofuata, Craig akacheza mechi nne, na Mei mwaka huu wakamwacha. Bwana Leslie, thelathini na moja na nne, hesabu ndiyo hiyo, nawe ndiye uliyesema uongo ule, na hukupata kumwomba mdogo wako msamaha, na jana mbele ya maiti yake umesema tena kwamba alimpotosha mwanao.

Rhoda, mwambie yote hayo.

Na hili lifuatalo halimo kwenye karatasi. Ernestina, mdogo wangu, vumilia, nilikusudia kukaa nalo mpaka nami nizikwe, lakini siwezi kusimama hapa nikimnyooshea mtu kidole huku nimelificha.

Jumapili tarehe 19 Aprili 1998, mchana, wote mlikuwa uwanjani, mimi nilibaki nyumbani, simu ikalia, alikuwa Bwana Leslie. Alikuwa analia. Alisema, "Mwanangu anakwenda Ureno, hatarudi tena, nitamwambia nini arudi?" Nami, ndugu zangu, mwaka 1995 mama yetu alifariki Bukoba nikiwa hapa, Ernestina anajua, nililetewa picha ya kaburi, na nilikuwa nimemchoka mtu anayehubiri kila Jumapili kwamba kwenu si kitu. Sikufanya kwa sababu ya kochi, ingawa nalo lilikuwepo. Nilimwambia, "Sema mama yake anaumwa. Mtoto haulizi mara mbili akisikia mama anaumwa." Akasema, "Lakini haumwi." Nikasema, "Sema tu." Uongo ule ulivuka bahari ukitoka kwenye kochi letu, Bwana Leslie aliurudisha tu.

Craig, najua Kiswahili cha mezani unakielewa, na usipokielewa Rhoda atakueleza. Ni mimi.

Novemba 1998 marehemu alianza kukohoa damu, madaktari wakagundua kansa ya mapafu, na tangu hapo alilazwa mara tano. Wiki mbili kabla ya kufariki nilikuwa nimekaa kando ya kitanda chake, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Shemeji, hivi yule mama Craig alikuwa anaumwa nini?" Sijui kama alikuwa anauliza kwa sababu hajui, au alikuwa ananifungulia mlango nikiri. Nikamjibu, "Sijui, shemeji." Akasema, "Haya," akageukia ukutani. Alifariki Jumanne tarehe 21 Septemba 1999, saa nne asubuhi, akiwa na miaka hamsini na minne, Ernestina akiwa amemshika mkono.

Kuna watu watatoka hapa wakibishana kama alikosea kuondoka kwao au alipatia. Bishaneni. Mimi niliyekuwa na hakika kwamba kwao ndiko kwao nilimkatia mtoto wa watu njia kwa hakika hiyo, na Craig akiniuliza leo aende au akae sitamjibu, nitambebea begi tu, popote linapokwenda.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya kifua, waliompa dawa na pia kumwacha asikilize mpira kwenye redio, inawashukuru majirani wa ghorofa ya tisa na ya kumi, akina mama wa Jumuiya waliopika siku nne, uongozi na wafanyakazi wa kiwandani Mobeni walioleta gari na sanda, timu ya Doudou waliochimba kaburi kwa mikono yao bila kuombwa, na Bwana Leslie, ndiyo, tunamshukuru naye, kwa kuja, kwa sababu angeweza kutokuja.

Ernestina, nikishuka hapa sitarudi kukaa mbele na wafiwa. Nitakaa kule nyuma, mlangoni, mpaka siku utakaponiita mwenyewe, na usiponiita nitaelewa.

Bwana alitoa kwa mzee Harold, Bwana amechukua kutoka kwetu, jina lake lihimidiwe. Lala salama, shemeji Norman, na unisamehe.