Spana ya Kamati ya Maji

Basi dogo lilipoanza kupanda mlima nje ya mji wa Cochabamba, Bolivia, Bi Eulogia aliyasikia mazungumzo ya kiti cha mbele. Kijana mmoja wa mtaa wa chini alikuwa amepakata spana kubwa.

"Kamati ya maji imenituma," alimwambia muuza viazi aliyekaa naye. "Wasiokuja kuchimba mtaro Jumapili, leo nawafungia bomba. Nyumba tatu."

"Uliwauliza walikuwa wapi?"

"Dada, tukianza kuulizana, mwakani nitachimba peke yangu. Tazama viganja vyangu vilivyojaa malengelenge! Kila mtu ana mgongo unaouma."

"Na mtoto mchanga asiyechimba, naye asinywe? Basi mpelekee sepetu!"

Abiria wakacheka. Kijana naye akacheka, ila spana hakuiachia. Bi Eulogia hakucheka. Jumapili nzima, wenzake wakichimba mtaro, yeye alikuwa akimgeuza mumewe kitandani, ambaye hajainuka tangu Pasaka, na shuka za mgonjwa hazifuliwi kwa mate. Alitaka kusema, lakini kuomba huruma mbele ya basi zima kulimshinda.

Basi likasimama mwisho wa njia. Kijana alimwona akihangaika na gunia lake la mahindi, akajitwika begani kabla hajaombwa.

"Nishike mkono, bibi, hapa pana utelezi," alisema kwa upole. Kisha akatoa mfukoni karatasi yenye majina matatu. "Nyumba yako ni ipi? Nianze kwanza na mzigo wako."