Agneta, Aliyetufinya Sote

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka ishirini na mmoja katika chumba cha mazoezi ya viungo cha kituo chetu cha tiba hapa Rumonge, Burundi, Agneta anastaafu. Mikono yetu sasa itapumzika.

Wageni wasiomjua ni vizuri waelezwe mapema kwamba Agneta hasalimii kama watu wengine. Anashika mkono wako, anasema amahoro, halafu anaifinya ngozi ya mgongo wa kiganja na kutazama inavyorudi mahali pake. Alimfinya daktari mkuu siku yake ya kwanza kazini. Alimfinya bibi harusi kanisani kule Gatete, na picha ipo.

Aliondoka Nyanza-Lac akiwa mtoto, akasomea Tanzania, akarudi na sanduku la vitabu na Kiswahili kilichonyooka mno, hata wauza samaki wakadhani ni mgeni wakampandishia bei. Ilimchukua mwaka mzima kujifunza kuzungumza kama sisi.

Kazi yake ni makovu ya moto, na mahubiri yake ni yaleyale. Seli za tishu unganishi, anasema, haziishi hewani. Zimelala ndani ya wavu zilioufuma zenyewe, na wavu huo nao ndio unaoziambia la kufanya. Ukiwa laini, seli hutulia. Ukikakamaa, kama kwenye kovu, seli huvuta na kurundika nyuzi ngumu, na zile nyuzi za elastini zinazoirudisha ngozi mahali pake hazifumwi ipasavyo. Ili tuelewe, alitundika ukutani kipande cha kimia cha kuanikia ndagala, dagaa wetu wa ziwani, nusu laini, nusu kimepakwa rangi hadi kikawa kigumu. Somo lilieleweka. Harufu nayo ilieleweka, na paka wote wa sokoni wakahamia kwetu.

Miaka miwili iliyopita aliletwa Chanceline, muuza ndagala wa Gitaza. Sufuria ya mawese ilikuwa imemmwagikia, na kovu lilikuwa limeugandisha mkono wake wa kulia ubavuni. Mtu anayeishi kwa kubeba beseni kichwani anahitaji mikono miwili ya kulipandisha, na Chanceline alikuwa na watoto watatu na mkono mmoja. Daktari wa upasuaji alitaka kumkata kovu hilo. Agneta aliomba miezi mitatu kwanza, na akasema wazi kwamba akishindwa atampeleka yeye mwenyewe kwenye upasuaji.

Kila asubuhi alilikanda kovu, akauvuta mkono, akaufunga ukiwa umenyooka. Chanceline alilalamika, "Mama Agneta, huu mukono iko inakatala." Agneta alimjibu kwa Kiswahili cha hapa hapa, "Haikatale, iko inaogopa. Tuvute tena polepole."

Mwezi wa pili akaanza kumnyanyulisha beseni lenye ndagala kavu. Maendeleo yalikuwa ya ajabu. Kila siku mkono ulipanda juu zaidi, na Agneta akatangaza kwenye kikao kwamba hajawahi kuona kovu lenye utii kama lile. Kumbe watu wa maabara walikuwa wanajichotea ndagala kila mchana, na beseni lilikuwa karibu tupu. Agneta alikasirika siku mbili, akaanza upya, na tangu hapo akatumia mchanga. Maabara wanaombwa kwenye hafla hii ya leo wasikae karibu na chakula.

Mkono ulifunguka kwa mchanga pia, ila taratibu. Hakukatwa. Agneta hakumdanganya. Alimwambia ngozi ile haitarudi kuwa ya zamani, na kwamba kuikanda ni kazi ya kuendelea nayo nyumbani. Chanceline alirudi Gitaza na beseni lake.

Juzi Nestori, mwenzake wa kazi katika chumba cha mazoezi, alimfinya Agneta mwenyewe kwa utani. Ngozi ilirudi polepole sana. Agneta aliitazama, akasema elastini nyingi mtu hupewa utotoni na yeye ameitumia yake vizuri. Tulicheka, na wengine wetu tulitoka nje kidogo.

Murakoze cane, asante sana, Agneta. Tutakukumbuka sana, na hatuoni haya kulisema. Tunakuombea siku nyingi na njema kule Nyanza-Lac, na majirani wavumilivu. Zawadi yako iko ndani ya kikapu, na anayekuja nacho kichwani, mikono yote miwili juu, ni Chanceline. Tafadhali kipokee kwanza, ndipo umfinye.