Keria za Mpwapwa

Basi la kutoka Mpwapwa lilikuwa limeshapita Buigiri, na Evarista alikuwa ameacha kujifanya amelala, maana mabishano ya kiti cha mbele yalikuwa matamu.

"Msimu huu wa mbio za baiskeli, Ihumwa hatukamatiki," alitamba mama mmoja. "Nyie Mpwapwa mnashindana baiskeli zikiwa na keria za kubebea maziwa!"

"Keria hatung'oi, mama," alisema mzee jirani yake. "Mwaka jana kijana wenu alipoanguka, nani alimpakia hadi hospitali?"

"Na mkashika mkia."

"Tukashika mkia," alikubali mzee, kwa raha ambayo Evarista hakuielewa.

Basi likasimama Ihumwa. Mama akashuka, kisha akagonga dirisha.

"Yule aliyeanguka ni mwanangu, baba. Keria msing'oe. Lakini mkia mtashika tena!"