Sarafu Haikumbuki

Ndani ya basi, kwenye kiti cha mbele yangu, walikaa watu wawili wasiojuana: mama dobi aliyepakata shuka zilizopigwa pasi, na binti wa chuo aliyekuwa akirusha sarafu na kuandika matokeo, maana kesho ana mtihani wa takwimu. Mama alikuwa ametoka kazini, anapitia stendi kumpokea mwanawe anayefanya kazi mbali. Kila mwisho wa mwezi kijana huahidi kuja, mama humwandalia kitanda, na kijana hatokei.

"Leo lazima aje," mama alisema. "Amekosa mno. Sasa ni zamu ya kuja."

Binti alishindwa kujizuia. Wenye mtihani kesho ndivyo walivyo. "Samahani mama, hilo ndilo kosa tunalokatazwa. Sarafu hii imeangukia upande wa kichwa mfululizo tangu nipande. Utasema sasa ni zamu ya upande wa pili, lakini uwezekano ni uleule, nusu kwa nusu. Sarafu haikumbuki ilivyoanguka mwanzo."

"Mwanangu si sarafu. Yeye anakumbuka."

"Hapo hesabu inabadilika," binti alisema, na nikaona alivyotamani kuyameza maneno.

"Inabadilika vipi?"

"Anayekumbuka huzoea, mama. Kila asipokuja, mara inayofuata inakuwa rahisi zaidi kutokuja."

Mama akazinyoosha shuka ambazo hazikuwa na mkunjo hata mmoja. Basi likasimama stendi, akainuka.

"Basi niombee, binti yangu, awe hakumbuki kitu, kama hiyo sarafu yako. Hapo angalau nina nusu."