Maisha ya Mdogo Wangu Kifutio, na Kurasa Mbili Zilizorukwa

Ndugu, jamaa na majirani, asanteni kwa kufika. Familia imeniomba niwasomee maisha ya marehemu, mdogo wangu. Yeye angeyaandika vizuri zaidi, tena kwa ufupi. Mimi ni mtu wa cherehani, kwa hiyo mnivumilie pale nitakapojikwaa.

Marehemu alizaliwa siku ya Jumanne, tarehe 8 Juni 1954, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa baba yetu fundi cherehani na mama yetu aliyekuwa akifua mashuka ya hospitali. Alizaliwa katika chumba kilicho nyuma ya duka la baba, chenye dirisha moja linalotazama ngazi za mlangoni. Dirisha hilo nitalirudia. Mimi nilikuwa na miaka sita. Nakumbuka baba hakusimamisha mashine siku ile, kwa kuwa sare za shule zilikuwa zinasubiriwa. Akawa anashona huku anauliza kupitia pazia, "Tayari?" Mama akamjibu, "Wewe maliza hizo kola, huku tutakuita." Alipoitwa, kola zilikuwa zimebaki mbili.

Alianza shule ya msingi Januari 1961. Alikuwa mtoto wa kuandika na kufuta, kuandika na kufuta, mpaka karatasi inatoboka. Alipokuwa darasa la nne mwalimu alimwinulia daftari mbele ya wenzake akasema, "Wewe kifutio, utatumalizia madaftari ya shule nzima." Jina likaganda. Hata wajukuu zake wanamwita Bibi Kifutio, na naamini wapo hapa leo waliolijua jina lake lingine kwa kulisoma kwenye programu hii. Alimaliza sekondari mwaka 1972, akasoma kupiga chapa mwaka mmoja. Mimi niliishia darasa la sita, kwa sababu macho ya baba yalianza kufifia na ilibidi apatikane mtu wa kutunga uzi kwenye sindano. Yeye hakulisahau jambo hilo. Alipopata cheti alikuja nacho dukani akasema, "Kaka, nusu yake ni yako." Nikamwambia anipe nusu ya juu, ile yenye muhuri.

Mwaka 1974 aliajiriwa kuwa mpiga chapa katika ofisi ya bima, meza yake ikiwa chini ya ngazi, mahali ambapo viatu vya watu vilipita juu ya kichwa chake siku nzima. Alikuwa akiandika michezo nyuma ya fomu zilizoharibika. Mwaka 1979 mchezo wake mmoja ukatengenezwa filamu. Baada ya huo aliandika mingine kumi. Kwa wasiojua, kabla filamu haijapigwa huwepo skripti, yaani karatasi zilizoandikwa kila kitu: nani anaingia, nani anasema nini, mlango upi unafungwa. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake. Waigizaji tunawajua kwa sura, mwongozaji tunamsikia redioni, lakini aliyeketi chini ya ngazi akayatunga maneno yote hakuna anayemuuliza.

Alikuwa na namna yake ya kufanya kazi, na hapo mimi nahusika. Kila Jumamosi alikuja dukani na kurasa mpya, ananisimamishia mashine, anasema, "Kaka, soma kwa sauti."

"Mimi msomaji gani?"

"Ndiyo maana nakutaka wewe."

Nikisoma, yeye anafuata kwa penseli. Nikijikwaa, anapiga mstari. Niliona aibu sana mwanzoni. Akaniambia, "Ukijikwaa, kosa ni langu." Alisema hivyo kwa miaka arobaini na zaidi. Kulikuwa na daktari katika filamu yake ya tatu aliyepewa maneno marefu mbele ya mfiwa, na mimi nikakwama mara tatu mahali pamoja. Akayafuta yote, akabakiza "Pole sana." Filamu ilipoonyeshwa, ukumbi mzima ulilia kwa hiyo "Pole sana." Jirani yangu wa kiti alinipa leso.

Kuhusu ndoa. Jina lake lilipita kwenye skrini mwishoni kabisa, wakati watu wameshasimama wanatafuta miamvuli. Siku ya filamu ya kwanza alikaa peke yake kwenye kiti chake, anasubiri. Fundi wa mashine ya sinema, aliyekuwa juu katika chumba chake kidogo, akamwona mtu mmoja ambaye hajanyanyuka, akaamua asiwashe taa. Watu wakapiga kelele, "Washa taa bwana, tunakanyagana!" Naye akajibu kupitia kitundu, "Subirini, kuna mtu anapita." Walifunga ndoa tarehe 4 Aprili 1981. Shemeji yetu hakuwahi kuwasha taa kabla ya jina la mkewe kupita, na mkurugenzi wa sinema alimwandikia barua mbili za onyo kwa ajili hiyo. Walijaliwa mtoto mmoja wa kiume, ambaye ni mwalimu wa hesabu. Shemeji alitutoka mwaka 2009. Tangu hapo marehemu hakupenda tena kubaki ukumbini mpaka mwisho.

Sasa nafika mahali pagumu. Nilimwambia mpwa wangu mwalimu kwamba nitapasema, akaniambia, "Mjomba, sema."

Mimi nina binti mmoja. Mwezi Mei 2004 alikuwa na miaka ishirini, nami nilikuwa nimempatia nafasi ya kusomea ukarani. Akaja kuniambia ameacha, anakwenda kuigiza katika filamu ya shangazi yake. Marehemu ndiye aliyemtafutia nafasi hiyo, nami sikuambiwa. Nilichukua begi lake nikalitupa kwenye ngazi, na mkanda wake ukakatika. Nikasema, "Nyumba yangu si jukwaa." Shangazi yake alikuwa kwenye dirisha lile la chumba cha nyuma, ameshika pazia. Hakusema neno. Asubuhi binti alikuwa ameondoka, na muuza magazeti akaniambia amemwona akielekea kituoni, begi amelikumbatia kifuani kama mtoto, maana halikuwa na mkanda. Mimi fundi cherehani. Kazi ile ingenichukua dakika nne.

Marehemu alianza kuugua figo mwaka 2019. Mara tatu kwa wiki alikwenda hospitali kusafishwa damu, amekaa kwenye kiti masaa manne, mkono mmoja umefungwa kwenye mashine na mwingine unaandika. Manesi walimwambia apumzike. Akawaambia, "Nimepumzika, si mnaona nimekaa?" Hapo ndipo alipoandika skripti yake ya mwisho. Safari hii hakuniletea nisome. Aliifunga kwenye bahasha akaniomba niipeleke kwa watu wa tamasha.

Tamasha hilo ni la filamu, lakini huwaenzi waandishi. Mlangoni wamebandika picha za waandishi, na waigizaji wameandikwa chini kwa herufi ndogo. Wana utaratibu mmoja ambao sijauona kwingine. Mchana mmoja hawaonyeshi filamu. Skrini inabaki nyeupe, waigizaji wanne wanaketi mezani, na skripti inasomwa yote kwa sauti, hata ile "mlango unafunguka." Mwandishi anakaa mstari wa mbele. Sheria yao ni kwamba hakuna anayegusa neno. Linasomwa lililopo, kama lilivyoletwa.

Nilipokuwa njiani kuipeleka nilikaa kwenye benchi nje ya posta, nikafungua bahasha. Nilizoea kuwa msomaji wa kwanza, nikaona nina haki. Nilisoma mpaka ukurasa wa arobaini na moja, nikakuta begi, ngazi, na maneno yangu yaleyale: "Nyumba yangu si jukwaa." Niliwaza watu mia tatu wamekaa wananisikiliza. Ukurasa wa arobaini na mbili niliupitisha macho tu, nikaona bado ni baba na begi, nikazikunja zote mbili nikazitia mfuko wa ndani wa koti. Nyingine nikazirudisha kwenye bahasha, nikazipeleka.

Siku ya Ijumaa, tarehe 13 Oktoba 2023, saa kumi jioni, marehemu alikuwa mstari wa mbele kwenye kiti cha magurudumu, nami kando yake nimeshika mkoba wake. Walisoma vizuri sana. Binti akagonga mlango akasema, "Baba, nifungulie." Mzee mmoja mwigizaji, aliyekuwa akisoma maelezo, akageuza karatasi, akarudi nyuma, akageuza tena. Akasema, "Kutoka arobaini tunaruka hadi arobaini na tatu." Akamwangalia mdogo wangu. "Mama, tufanyeje?"

Marehemu aligeuza shingo akanitazama. Si kwa hasira. Aliniangalia kama alivyokuwa akiniangalia Jumamosi, penseli mkononi. Kisha akasema kwa sauti iliyosikika mpaka nyuma, "Someni hivyo hivyo. Kosa ni langu."

Wakaendelea. "Kituo cha basi. Binti amesimama, begi begani." Walipomaliza, watu walisimama wakapiga makofi muda mrefu. Kijana mmoja akaja kumshika mkono: "Mama, pale palipokatika ghafla! Umetuacha hewani kabisa." Marehemu akamjibu, "Si wewe peke yako." Wakampa tuzo, nayo ilikuwa skripti yake yenyewe, imejalidiwa kwa ngozi, jina lake juu peke yake, kubwa. Taa za ukumbi ziliwashwa baada ya jina lake kusomwa. Nadhani lilitokea tu, lakini aliangalia juu kwenye kile chumba cha mashine.

Njiani kurudi hatukulizungumza. Wala Novemba, wala Desemba. Nilikuwa nikienda kila siku ya kusafishwa damu, namenya chungwa, tunazungumza habari za paka wa hospitali. Mwezi Januari aliniuliza ghafla, "Kaka, ulimaliza kuzisoma?"

Nikasema, "Nilimaliza."

"Zote?"

"Zote."

Akaniangalia kidogo. Akasema, "Haya basi," akafumba macho. Nilidanganya. Zilikuwa palepale mfukoni, hatua moja kutoka mkono wake.

Marehemu alifariki siku ya Jumapili, tarehe 18 Februari 2024, saa tatu na nusu asubuhi, mwanawe akiwa kando yake. Alikuwa na miaka sitini na tisa.

Jumatatu nilisimamisha mashine, nikazitoa zile kurasa, nikasoma kwa sauti kama alivyonifundisha. Kwenye ule wa arobaini na moja safari hii niliona mstari niliouruka pale kwenye benchi: "Shangazi yuko dirishani. Angeweza kusema. Hasemi." Mdogo wangu alikuwa amejiandika na yeye. Ukurasa wa arobaini na mbili hauna neno hata moja la kusemwa. Hakuna mahali pa mimi kujikwaa. Ni asubuhi. Baba anatoka, anaokota begi kwenye ngazi. Binti ameketi ngazi ya chini, ameupa mlango mgongo. Baba anaingia, anakaa kwenye cherehani, anashona mkanda. Binti anasikia mashine, hageuki. Mashine inanyamaza. Baba anatoka, anaweka begi kando yake, anarudi ndani na kuuacha mlango wazi.

Kwa hiyo kule kituoni begi lilikuwa begani. Nilisikia likisomwa mbele ya watu mia tatu, na mimi ni fundi, na sikujiuliza mkanda ule ulishonwa na nani. Mdogo wangu alinipa asubuhi ambayo sikuifanya, na mimi nikaikunja nikaitia kotini.

Hilo sikuliungama mbele yake. Naliungama mbele yenu. Kosa halikuwa lake.

Marehemu ameacha mtoto mmoja, mwalimu wa hesabu; mkwe mmoja; wajukuu wawili; kaka mmoja, ambaye ni mimi; na binti wa kaka yake, aliyekuwa akiandikiana barua na shangazi yake miaka yote hii, mimi nikiwa sijui. Mpwa wangu anasema amempigia simu, naye amesema atakuja ila hatakaa mbele. Kama umesimama huko nyuma, mwanangu, sitageuka kukutafuta. Cherehani iko mahali pake dirishani, na tangu Jumatatu mlango wa duka sijaufunga. Kama begi lile bado unalo, lilete. Kama hunalo, njoo tu.

Ile skripti ya tuzo iko juu ya jeneza hapa mbele yenu. Jana nimeifungua mshono, nikaziingiza zile kurasa mbili kati ya arobaini na arobaini na tatu, nikaishona upya kwa mkono, uzi mweusi, mara mbili.

Apumzike kwa amani Kifutio, kurasa zake zikiwa zimetimia.