Nyanya za Gesi

Benchi letu liko nje ya kafeteria ya Bi Rumaisa, hapa Al Twar, Dubai, upande wa kivuli, karibu na duka la dobi. Bi Rumaisa ni wa ukoo wa Unguja, na kahawa yake ina tangawizi ya kukuamsha hata kama hukulala. Ijumaa baada ya swala, mwenye siku yake ya mapumziko huja hapo kunywa na kubishana. Yupo Zein wa Mombasa, anayefanya kazi kwenye ghala la mboga Jebel Ali. Tunamwita Kontena, maana hajui kusema kidogo. Yupo Irshad wa Malindi, dereva wa familia moja Mirdif; huyo ni Redio, kwa kuwa habari zote anazipata kwenye gari, mabosi wake wakiongea kwa simu. Nami nipo, msikilizaji. Ijumaa hiyo ya Januari hewa ilikuwa baridi tamu, na sote tulikuwa tumeshiba. Mara akaja Twaibu, mlinzi kutoka Masaka, Uganda, yule tunayemwita Afande. Alikaa bila kumsalimia mtu.

— Afande, mbona uso umekunjamana kama pasipoti iliyofuliwa? akauliza Zein.

— Kesho asubuhi supavaiza anataka jibu. Niongeze mkataba miaka miwili, ama khalas, yaishe, niondoke.

— Si unaondoka? Si rafiki yako Eriya amekupatia kazi ya kuchuma nyanya Uholanzi, na karatasi zimetoka?

— Zimetoka. Lakini leo nimesoma kwenye simu: wakulima wa nchi tajiri wanapunguza gesi asilia.

Bi Rumaisa akasimama na birika mkononi.

— Gesi na wewe wapi na wapi, mwanangu?

— Mama, zile nyanya ziko ndani ya nyumba za kioo. Nje ni theluji. Gesi ndiyo inazipa joto. Wakizima gesi, nyanya zinakufa. Nyanya zikifa, mimi nitachuma nini?

Hapo benchi likachangamka. Zein akavuta kikombe chake.

— Mimi nafungua maboksi ya nyanya za Uholanzi mwaka wa sita huu. Nawaambia, zile zinapikwa zikiwa hai bado. Ndio maana ngozi yake ngumu. Samaki mkunje angali mbichi!

— Samaki ameingiaje hapa? nikauliza.

— Ameingia na maboksi.

Irshad akatikisa kichwa kwa huruma.

— Kontena, wewe unajua boksi tu. Arbab wangu, bosi mwenyewe, anafanya biashara ya mbolea. Juzi nimemsikia kwa masikio haya: ile mbolea nyeupe ya chembechembe inatengenezwa kwa gesi.

— Mbolea ya gesi?

— Wallahi! Na Amerika, mahindi yakiwa mabichi hawayaaniki juani. Wanayapuliza hewa ya moto ya gesi mpaka yakauke. Mkulima wa kule usimkaribie na kiberiti, atalipuka na trekta lake!

Zein hakukubali kuachwa nyuma.

— Na moshi je? Moshi wa ile gesi hawautoi nje. Wanaulisha mimea.

— Toka hapo!

— Nyanya inavuta ule moshi, inanenepa. Kama mzee wa shisha.

Tulicheka mpaka dobi akatoka na pasi mkononi kuuliza kuna nini. Twaibu peke yake hakucheka.

— Banange, jamani, mimi sina mchezo leo, akasema. Nikiacha kazi hapa, halafu kule wafunge, nitarudi Masaka na nini?

Akatoa simu, akampigia Eriya kwa video ya Botim, akaweka sauti kubwa. Eriya akatokea kwenye kioo, jasho usoni, majani mabichi nyuma yake.

— Eriya, niambie ukweli. Wamezima gesi?

— Msimu ule wa baridi gesi ilipopanda bei, bosi alizima nusu ya nyumba za kioo. Nusu nzima haikupandwa. Niliogopa, nikafunga hata begi.

Twaibu akafumba macho.

— Na sasa?

— Sasa bosi na majirani zake wamechimba kisima kirefu sana. Maji ya moto yanapanda kutoka chini ya ardhi, yanazunguka kwenye mabomba. Gesi tunawasha baridi ikizidi tu. Kazi ipo, ssebo. Mgongo wangu ni shahidi.

— Mchimba kisima huingia mwenyewe! Zein akapiga kelele.

— Kontena, si hivyo, akasema Irshad. Afande, muulize habari ya moshi!

Twaibu akamuuliza. Eriya akacheka.

— Moshi ni kweli. Wanausafisha kidogo, wanauingiza kwa mimea, inakua haraka. Nani amekuambia?

Zein alisimama, akainama kulia na kushoto kama bwana harusi.

Simu ilipokatika, Bi Rumaisa alimjazia Twaibu kikombe.

— Haya, kazi ipo. Moyo wako je?

Twaibu akakishika kikombe kwa mikono miwili.

— Mama, nimesimama getini miaka mitano, nafungulia malori njia. Nataka kushika kitu kinachoota.

— Basi nenda, mwanangu. Mungu akutangulie.

Mabega yake yakashuka, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akatabasamu. Hapo ndipo aliposogea dada mmoja, Mganda, aliyekuwa akingoja maandazi yake mlangoni. Alisema anaitwa Proscovia, anafanya kazi za nyumbani kwa madam mmoja Mirdif.

— Samahani, nimewasikia. Baba yangu alilima nyanya Kyotera. Jua la bure, mvua ya bure. Mwaka mmoja tulimwaga matenga kumi, zimeoza kwa kukosa mnunuzi.

— Pole, dada.

— Sasa niwaulize. Wale wanalipia joto, wanalipia hata moshi, na nyanya zao zinafika Dubai. Za baba yangu zilikwama wapi?

Zein, mtu wa maboksi, alisogea akampisha kwenye benchi. Bi Rumaisa aliinamisha birika juu ya kikombe cha mgeni. Likatoka tone moja.

Twaibu akamsogezea Proscovia kahawa yake mwenyewe, bado ya moto.

— Kunywa, dada, akasema. Hilo swali nitakwenda nalo.